Sale la Bibi Kornelia

Sijatulia mpaka leo, na anayeniambia nitulie namwona adui. Mtoto wa kaka yangu, Stella, alihamia kidato cha tatu kwenye shule moja ya mjini Moshi akitokea kwetu Kibosho, na hakumaliza hata mwezi. Alikuwa anataka Kemia, basi. Shule aliyotoka, mwalimu wa Kemia alishaondoka na maabara imegeuzwa stoo ya mahindi. Baba yake, Sylvanus, anayepandisha wageni mlimani, alihangaikia uhamisho ule mpaka soli za viatu zikaisha.

Siku Stella anajitambulisha darasani, Kiswahili chetu cha mlimani kikawachekesha wenzake. Mwalimu wa nidhamu, badala ya kuwanyamazisha, naye akachochea.

"Huko migombani huwa mnasoma, au mnakata majani ya ng'ombe?"

"Tunafanya yote, mwalimu," Stella akajibu. "Ndiyo maana maziwa ya chai yako yanatoka kwetu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu kuona ameaibika, akaagiza Stella alete mzazi na kuomba radhi, la sivyo arudi alikotoka.

Sylvanus alikuwa mlimani, ikabidi niende mimi shangazi. Kabla hatujashuka, mama yetu, Bibi Kornelia, alikwenda kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, akakata jani la sale, akalifunga fundo na kumkabidhi mjukuu. Kwetu Wachagga ukishampelekea mtu sale umemaliza maneno. Hata kama mmemwagiana damu, aliyeletewa jani lile hawezi kukunyima msamaha; akilikataa, laana inawashukia watoto wake. Nilishuka na moyo mweupe, maana mkuu wa shule, Mwalimu Elimringi, ni wa Machame, Mchagga mwenzetu.

Ofisini Stella alipiga magoti, akalitoa jani kwa mikono miwili. "Shikamooni walimu. Nimekosa, naomba mnisamehe."

Mwalimu wa nidhamu akaruka nyuma. "Ushirikina huu! Mkuu, hiki ni nini?"

Nikamtazama Elimringi. Alilijua jani lile, nilimwona macho yanavyolikwepa. Neno moja tu lingetosha. Lakini akaona haya kuwa Mchagga mbele ya mwenzake. Akanyoosha tai yake, akasema, "Sijui. Ni jani tu." Akalisukuma kwa rula mpaka likaangukia kwenye ndoo ya taka. "Binti arudi alikotoka."

Jamani! Mtu aliyekulia chini ya migomba kama sisi! Mwacha asili ni mtumwa, wahenga hawakukosea. Nilitamani nimvike ile ndoo kichwani. Stella ndiye aliyenishika mkono. Akainama, akaliokota jani, akalifuta vumbi kwa sketi yake, tukatoka.

Hatujafika getini tukasikia viatu nyuma yetu. Ni Elimringi, peke yake, anahema. Na yule asiyelijua jani sasa akanisemesha Kichagga.

"Mama, nakusihi, msilirudishe hilo nyumbani. Bibi asisikie kwamba sale lake limekataliwa, nina watoto mimi. Nipeni nilipokee. Stella atabaki, na yule mwalimu nitamalizana naye mwenyewe."

Kusema kweli, nilitaka ampe. Kemia aliyoililia ilikuwa hapo, hatua chache nyuma yetu. Nikamgeukia mtoto. Akalipenyeza jani ndani ya sweta, akamjibu taratibu, kwa Kiswahili kilekile walichokicheka:

"La nini, mwalimu? Ni jani tu."

Tukaondoka. Sasa Stella yuko Kibosho, anasoma Kemia peke yake kwa kitabu cha kuazima, na nikimwona amekiinamia hasira inanipanda upya. Elimringi ananitumia watu, mara na sukari, mara na kitenge, eti tumsamehe yaishe. Vyote narudisha. Wa mwisho nilimwambia: mfikishie salamu, masale yamejaa kwenye mipaka ya kwao Machame. Akate moja, alifunge fundo, apande Kibosho kwa miguu yake, ampigie Stella magoti.