Picha za Safari ya Milimani

Jirani yangu wa huku Burnsville, ughaibuni, hufuta simu kwa ncha ya kitenge kabla ya kuonyesha picha, wala hampi mtu aishike. Jumapili, baada ya ibada, tulimzunguka. Alikuwa ametoka kwenye mji mdogo wa milima ya Alpi, wenye kiwanda cha zamani cha chuma na watu wanaoteleza kwenye theluji, kumwona kaka yake ambaye walipotezana naye wakati wa vita. Tukamwona kaka kwenye geti la kiwanda, kaka kwenye kiti kinachopandisha watu mlimani, kaka akila mkate. “Huyu ni kaka,” alisema kwa kila picha, kana kwamba ni watu mbalimbali. Uso wa kaka ulijaa kioo chote cha simu.

Theluji tunayo hapa mpaka inachosha. Mimi nilitaka milima. “Mama, sasa milima iko wapi?”

Akafuta simu tena. “Iko nyuma yake.”