Kifuniko Kilichokataa Rangi

Plastiki kuukuu ikipigwa na jua hutoa harufu kali kidogo, kama ndoo iliyosahauliwa karibu na jiko. Ndani ya pikapu ya baba, harufu hiyo ilichanganyika na ya mafuta ya kujipaka. Kila Jumapili kabla ya kanisa mama alichota mafuta kwa vidole viwili, yale yale aliyonipaka miguuni, akayasugua kwa mzunguko kwenye kifuniko cha kisanduku kilichokuwa mbele ya kiti chake, mpaka kikang'aa. Baba alilalamika kwamba yanavuta vumbi. "Basi na vumbi nalo ling'ae," mama alimjibu. Tuliishi Kibera, upande wa karibu na Ayany, na pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Baba alibeba vitanda na makochi kutoka kwa maseremala akiyapeleka Kawangware, na siku zisizo za shule tulikwenda naye, mama upande wa kushoto, mimi katikati, goti langu likigongana na gia.

Mama alifariki katika miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi. Tulimzika nyumbani, magharibi, tukarudi Nairobi wawili. Tangu siku ile baba aliendesha akiwa amegeuza uso kuelekea dirisha lake. Mimi nilikuwa nimehamia kiti cha mama, na mara kwa mara niliweka kiganja juu ya kile kifuniko, kwa sababu kikipata joto bado kilinukia yeye. Asubuhi moja baba alikaribia kumgonga mtu wa mkokoteni aliyetokea kushoto. Alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini. Kisha akasema, "Nekesa, hizi plastiki tutazibadilisha. Nikiona hapo mahali pake, siwezi kuendesha."

Fundi wetu aliitwa Ouma, na gereji yake ilikuwa uwanja mtupu kule Kawangware. Alibandua plastiki za milango kwa kisu cha mezani alichokizungushia kitambaa, akatia klipu zake, vile vibanio vidogo vinavyozishikilia, ndani ya kikombe cha chai zisipotee. Za milango zilikuwa zimepasuka, kwa hiyo alizitupa na kuweka nyingine alizotoa kwenye pikapu ya aina ile ile iliyokufa pale uwanjani. Kifuniko hakikupata mwenzake. Ouma akasema kitaoshwa kwa sabuni, kisuguliwe kwa msasa, kipulizwe rangi. "Lakini sabuni iingie kabisa," alimwonya baba. "Mafuta yakibaki, rangi haishiki." Baba hakukubali mtu mwingine akiguse. Alikiosha na kukisugua mwenyewe, polepole, na maji ya kijivu yakatiririka kwenye vumbi. Niliyaangalia maji yale yakinywewa na udongo, nikahisi tunamzika mara ya pili.

Walikianika juu ya bati, wakaenda kuchanganya rangi. Kopo la mafuta la mama lilikuwa mfukoni mwa sweta yangu. Nilikuwa nalibeba kila mahali. Nilichota kwa vidole viwili, nikasugua kwa mzunguko, kama yeye. Kisha nikapangusa kwa pindo la sketi mpaka isionekane kitu. Nilikuwa nimemsikia Ouma vizuri sana. Nilijua ninachofanya.

Rangi ilipopulizwa, kwenye pembe ilishika vizuri. Katikati ilijikunja, ikafunguka matundu madogo, kisha matundu yakaungana, ikabaki duara tupu lenye upana wa kiganja cha mtu mzima kikizunguka. Ouma alipuliza tena. Ikafunguka tena, pale pale.

"Mzee, hii ni mafuta," Ouma alisema. "Kuna mtu ameshika hapa." Akanigeukia. "Wewe msichana, ni wewe?"

"Si mimi."

Baba hakuniangalia hata. Alikuwa anaangalia lile duara. "Mwache mtoto," alisema. "Mwenyewe amekataa."

"Baba Nekesa, wacha nikioshe tena, ni dakika tano tu."

"Nimesema amekataa. Kirudishe hivyo."

Kikarudishwa hivyo. Nilipofungua mlango nipande, baba alinishika bega. "Hapo usikae tena. Pana mtu." Nikapanda nyuma, kwenye makochi ya watu. Tangu siku ile hadi alipoacha kuendesha, hakuna aliyekaa kiti kile, na mimi sikukigusa tena kifuniko. Mara nyingine, kupitia kioo cha nyuma, nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa anazungumza na kushoto. Mara mbili nilikaribia kumwambia. Nilimhofia, kisha nikazoea, kisha akafa.

Mwaka jana nilikipeleka kifuniko, nilichokihifadhi tangu baba afe, kwa fundi mmoja Riruta. Siku hizi plastiki mpya zinaning'inia madukani ndani ya nailoni, hata za magari ya zamani. "Mathe, hii tupa," kijana alisema. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba nilikipaka mafuta mimi. Alikigeuzageuza, akacheka bila ubaya.

"Kumbe ni hayo tu? Si ungesema, kioshwe?"

Akanyoosha mkono kuchukua sabuni. Nilimnyang'anya kifuniko, nikarudi nacho nyumbani nimekikumbatia, duara likitazama kifuani.