Wanasema Kiilu Alikuwa Mzembe

Saa moja asubuhi, Muthangari. Fidel Wesonga anafungua mlango wa stoo ya dawa, kisha anarudi nyuma kusubiri hewa iingie. Akiharakisha, kifua humbana na kikohozi kikamkunja mpaka ashike ukuta.

Yeye husafisha bwawa la kuogelea la jumba moja la wapangaji. Kazi hiyo aliifanya na rafiki yake Kiilu mpaka mwaka jana, Jumamosi moja ambayo hapendi kuisimulia.

Zamani klorini ililetwa kwa mitungi ya buluu, asidi kwa mitungi myeupe. Kampuni inayosimamia jumba ikatafuta muuzaji wa bei nafuu, na yote ikaja ya buluu, haina hata maandishi. Wesonga alimwendea meneja.

"Nilimwambia, 'Boss, hizi mitungi zimefanana, mtu atakuja kuchanganya.' Akaniuliza, 'Kwani hauna pua?'"

Baadaye zamu ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja. Jumamosi hiyo mpangaji alikuwa na sherehe, na meneja alimpigia Kiilu simu kila mara amalize upesi. Katika pilkapilka hizo, Kiilu akamimina asidi ndani ya tangi la klorini.

Wesonga, aliyekuja kupokea zamu, alimkuta ameanguka kifudifudi ndani ya stoo, mvuke wa manjano umetanda. Alilowesha shati, akajifunga usoni, akaingia kumvuta.

"Alinishika mkono. Nikajua tumepona," anasema.

Kiilu alikata roho hospitalini kabla mkewe, Mbithe, hajafika kutoka Uthiru. Kampuni ikasema ni uzembe wake mwenyewe.

Baada ya mazishi, Mbithe alimfuata Wesonga nyumbani. "Shemeji, niambie ukweli," alisema. "Watoto wananiuliza kama baba yao alijiua na ujinga."

Kesi ya fidia itasikizwa mwezi ujao na Wesonga ndiye shahidi. Meneja amemdokezea kwamba huenda mkataba wake usiongezwe. Mke wa Wesonga, Rachael, anayeuza mboga Kangemi, alimsihi anyamaze, wana watoto wa kulisha. Jumapili iliyopita aliitoa suti ya mumewe ya kanisani, akaipiga pasi na kuitundika ingoje siku ya kesi.

"Wakitaka wanifute," anasema Wesonga, akishusha pumzi polepole. "Lakini nitasimama niseme vile nilimwambia meneja, na vile alinijibu. Hao watoto wa Kiilu wasikue wakiona aibu kutaja jina la baba yao."