Mwiko Niliompelekea Fundi wa Fimbo

Nilipoambiwa kwamba nafasi ya tano katika timu ya Uthiru inaweza kuwa yangu, nilipiga kelele hadi mhudumu akaja kuangalia kama nimeumia. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikicheza pool katika ukumbi wa pale Uthiru kila Jumamosi mchana, mwanamke peke yangu, nikiwafunga wanaume ambao baadaye walidai meza ina mteremko. Sasa kapteni wetu, jamaa mnene anayepaka rangi nyumba za watu wakati wa kazi, alikuwa akinitazama na kucheka.

"Tulia, madam. Baada ya wiki mbili tunaenda Kinoo kuwachapa kwao. Ukiwin game yako, hiyo namba ni yako. Ukichapwa, natafuta mtu mwingine. Na kila mtu akam na stick yake. Hizi za hapa zimepinda kaa ndizi."

Fimbo yangu mwenyewe! Sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa nikichagua tu ile isiyopinda sana kama nyingine. Usiku huo usingizi ulinipaa kwa furaha.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, niliiacha mihuri yangu ya ofisini na kukimbia hadi Biashara Street, kwenye duka la vifaa vya michezo. Mwenye duka ni mzee wa pwani, mwenye kofia safi na maneno ya upole.

"Karibu, mwanangu. Watafuta ya mchezo au ya zawadi?"

"Ya vita, mzee."

Alicheka, akafungua kabati. Fimbo kumi na mbili zilikuwa zimesimama humo, zote nyeusi, zote zinang'aa, hakuna iliyompita mwenzake hata kwa unywele. Kila moja ilikuwa vipande viwili vya kuunganishwa kwa skrubu. Niliunganisha moja nikaiviringisha juu ya kioo cha kaunta, maana fimbo iliyopinda huruka ikiviringishwa. Hii ilikwenda shwari.

"Hii haikuulizi wewe nani," mzee akasema kwa fahari. "Jana mwenzio kachukua pacha wake. Waishika, wacheza, basi."

Hapo ndipo aliponipoteza. Mimi nilitaka kuulizwa! Mtu amengoja miaka mitatu kupata fimbo yake, halafu apewe pacha wa fimbo ya mtu mwingine? Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiria, nikatoka nikiwa tayari nimeshafikiria.

Kapteni alikuwa amenidokezea habari za fundi mmoja anayetengeneza fimbo kwa kipimo cha mtu. Kasoro yake ni kwamba yuko Kinoo, katikati ya maadui. Nilikwenda jioni ile ile. Nilimkuta Mkamba wa makamo, amejaa unga wa mbao hadi kwenye kope, anakereza miguu ya meza. Alinieleza kazi yake bila kuzima mashine. Sehemu ya mbele huitoa kwenye fimbo za dukani zilizovunjika, kwa sababu ile mbao imenyooka na haipatikani kwetu. Kishikio hukichonga mwenyewe kwa mukau, mti wa kwao Kitui, akafuata kiganja cha mteja, kila bonde na kila mlima.

Nilimnyooshea mikono yote miwili apime. Hata hakuitazama.

"Niletee mwiko," akasema.

"Mwiko?"

"Ile unasonganga ugali nayo. Wanaume huniletea jembe ama nyundo. Mtu nikimpima mkono anaukaza, anataka kuonekana ako na nguvu. Mwiko haijikazi."

Nilidhani nitapasuka kwa raha. Hii ndiyo kuulizwa! Kwa mwiko wetu ninasonga ugali tangu nikiwa darasa la nne, kila jioni, mimi na mama yangu tukiwa wawili tu nyumbani. Kesho yake niliufunga kwenye gazeti nikampelekea. Aliugeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye mpini uliolainika, akaangalia ubapa uliolika upande mmoja, akaguna kama daktari.

Mama alisongea ugali kwa upawa siku kumi, na kila siku nilisikia habari yake.

"Nyumba gani haina mwiko? Umeupeleka kwa wahuni wa kamari?"

"Si kamari, mama. Ni mchezo."

"Mchezo wa watu wazima kugonga mipira na fimbo. Haya."

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, niliichukua fimbo, na kwa furaha nikausahau mwiko kwake. Jamani! Mukau ule ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea, kishikio kimepindwa kidogo kufuata kiganja, na mahali pa kidole gumba pamechimbwa kama kijiko. Nilipita ukumbini Uthiru moja kwa moja, nikapaka chaki, nikainama, nikapiga.

Mpira mweupe ulikwenda kivyake. Nikapiga tena, ukaenda kivyake tena. Kila nilipokaza mkono, kishikio kilinisukuma kiganja kwa nje, ni kama kumsalimu mtu ambaye mkono wake hauingii katika wako. Nilikosa hata mpira ulioketi mdomoni mwa shimo. Kapteni alisimama kando akihesabu kwa vidole mipira niliyokosa. Niliiona ile nafasi ya tano ikiondoka na miguu yake.

Ijumaa asubuhi nilimfikia fundi kabla hajavaa aproni, nimefura.

"Umeniharibia! Hii fimbo ni ya nani?"

"Ni yako. Shika nione."

Niliishika. Alinitazama, akatazama fimbo, akaenda kuutoa mwiko kwenye gazeti lake.

"Wee ni wa left," akasema polepole. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza!"

"Niliuliza mwiko."

Mwiko ulikuwa umesema kweli. Nilizaliwa wa kushoto, lakini kwetu huo si mkono wa kuamkia mtu, wala wa kulia chakula, wala wa kusonga chungu cha nyumba. "Mkono huo si wa watu," mama alikuwa akiniambia, na kuuhamisha mwiko kwenda kulia, mara mia, mara elfu, hadi mkono wa kulia ukazoea. Kalamu pia ilihamishwa. Pool nilijifunza mwenyewe nikiwa mtu mzima, na mezani hapakuwa na mama. Mkono ule ulitoka wenyewe, nami nikauacha. Nadhani ndiyo sababu naupenda mchezo huu kiasi cha kuaibisha.

Fundi alicheka hadi unga ukamdondoka kwenye nyusi, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikacheka naye. Kuchonga kishikio kingine, alisema, kungemchukua siku kumi. Mechi ilikuwa kesho. Nilichukua fimbo yangu na mwiko wetu nikaenda kazini, na saa ya chakula cha mchana nikakimbia hadi Biashara Street. Duka lilikuwa limefungwa kwa swala ya Ijumaa, nikasimama nje na mwiko mkononi, wapita njia wakinikwepa.

"Na hiyo?" mzee akauliza aliporudi, akiionyesha fimbo ya mukau.

"Hii iliniuliza, mzee, lakini ikauliza mkono mwingine. Nipe ile isiyouliza."

Basi Jumamosi niliingia Kinoo na fimbo mbili begani. Mpinzani wangu alikuwa kinyozi mwenye tabasamu la dharau, na fundi alikuwa amesimama upande wa mashabiki wake, akinipungia mkono bila aibu. Ile fimbo nyeusi ya dukani haikunisifu wala kunisuta. Iliketi katika mkono wangu wa kushoto na kufanya nilichoiagiza. Niliingiza mipira yangu yote saba, ukabaki ule mweusi wa kumaliza mchezo, karibu kabisa na shimo la mbali.

Mpira mweupe ukasimama kando ya nguzo.

Ukumbi wa Kinoo ni mdogo, na nguzo ya jengo imebanana na kona ya meza. Mtu wa mkono wa kulia anapenya. Wa kushoto hana pa kuuweka mwili wake. Nilijaribu kuinama hivi, nikajaribu vile, kiuno kikagonga saruji. Kinyozi alianza kupaka fimbo yake chaki.

Niliilaza fimbo nyeusi. Nikachukua ya mukau, nikaishika kwa mkono wa kulia, na kidole gumba kikateremka mahali pake kama mtu anayeingia nyumbani kwao.

"Unado nini?" kapteni akanong'ona kwa hofu.

"Nasonga ugali," nikamwambia.

Nikapiga. Mweusi ukaanguka. Nilirukaruka nikamkumbatia kapteni, nikamkumbatia fundi wa maadui, nusura nimkumbatie kinyozi.

Nilifika nyumbani kabla giza halijaingia, nikamsimulia mama kila kitu huku maji ya ugali yakichemka: mwiko, nguzo, mkono alionifundisha ndio ulionipa namba. Nilimwambia pia kwamba ile mipira saba ya kwanza iliingizwa na mkono mwingine. Alikuwa akikata sukuma wiki, na kisu kilisimama.

Nilitia unga. Kisha, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikauhamisha mwiko kushoto. Nikasubiri maneno yale ya zamani, nikiwa na umri wangu huu wote.

Mama aliutazama mkono wangu, akarudi kwenye sukuma wiki yake.

"Sasa unangoja nini?" akasema. "Songa, itaungua."

Ugali ulitoka na mabonge. Mama aliumaliza wote.