Mbio za Mikono Mitupu za Mama Nadège

Hapa Bunia tunasalimiana kwa macho kwanza. Kabla sijakuuliza habari za nyumbani nimeshakupima mashavu, na nikikuta yamejaa napiga makofi: "Eh, umenenepa!" Sifa kubwa kuliko hiyo siijui. Nilimpa Mama Nadège sifa hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote pale sokoni, na ningeweza leo ningeimeza tena.

Jina lake ni Solange. Alikimbia kwao Fataki, upande wa Djugu, vita vilipochacha, godoro kichwani, binti yake Nadège mgongoni. Akaweka mashini ya kushona pembeni ya meza yangu ya vitenge. Alikuwa mwembamba, na hakujua kutulia. Alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho barabarani, na bugali yake ilikwisha kabla mimi sijanawa mikono. Wateja walimtazama, wakapeleka vitenge kwa fundi mwingine. Walidhani anaumwa. Basi mimi, kwa mdomo wangu huu usio na kufuli, nikamwambia: "Mama Nadège, batu banakuogopa. Tafuta namna ya kunenepa."

Akatafuta. Sokoni kwetu kuna vidonge vya kunenepesha, vinauzwa ndani ya vifuko visivyo na jina, na wasichana huvimeza kabla ya harusi ili wajae vizuri katika kitenge. Solange alivimeza miezi mingi, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Uso ukawa mviringo, wateja wakarudi, nami nikapiga makofi. Sikumuuliza kitu. Nilidhani ni sombe, yale majani ya muhogo, imefanya kazi.

Kisha miguu ikavimba, akashindwa hata kukanyaga mashini. Jumapili moja alianguka kwenye mwinuko wa Mudzipela akienda misa. Médard, muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. Sukari katika damu ilikuwa imepanda. Akamuuliza anameza nini, na Solange akatoa kifuko cha vidonge.

"Mama, hii aiko mafuta," Médard alimwambia. "Ni hii dawa njo inakuvimbisha. Usiiache mara moja, ni hatari. Tutapunguza polepole. Ukule vizuri, lakini ukule umekaa kwa kiti. Na kila asubuhi utembee, hata mbio kidogo kama miguu inakubali. Sukari ikikataa kushuka, tutaingia kwa sindano."

Miezi ikapita, vidonge vikapungua, mashavu yakashuka. Hapo ndimi zikaamka. Waliopiga makofi sasa walishika videvu: "Uko na nini? Uko mugonjwa?" Siku alipomaliza kidonge cha mwisho cha hesabu ya Médard, kulikuwa bado na kifuko kizima ndani ya mtoto wa meza ya mashini. Aliniambia mwenyewe. "Ma Monique, batu wakisema tena nimekonda, nitarudilia." Niliogopa kweli.

Yakabaki yale matembezi ya asubuhi aliyoagizwa na Médard, ambayo alikuwa hajayaanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mwanamke anayepita barabarani bila mzigo wataulizana: huyu anaenda wapi? Solange aliona haya. Akafunga furushi la vipande vya vitenge, akalibeba kichwani kama mtu anayempelekea mteja nguo zake. Wiki ya kwanza alitembea. Jumanne ya wiki ya pili akasikia miguu imekuwa myepesi, akaanza kukimbia.

Wanawake waliokuwa bombani waliona nini? Waliona mama wa Fataki, asubuhi na mapema, anatokea upande wa barabara ya Djugu, ile inayotoka vitani, anakimbia na furushi kichwani. Hakuna aliyeuliza. Mabidoni ya maji yakaanguka. "Banakuja!" wakapiga kelele, wakimaanisha wapiganaji.

Mimi nilikuwa napanga vitenge. Nilikumbatia nilivyoweza, nikaacha sandale moja, nikakimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu shule. Solange akasikia vishindo nyuma yake. Yeye naye hakugeuka kutazama. Alijua tu kwamba wamefika, akaongeza mbio. Basi yeye anatukimbia sisi, na sisi tunamfuata yeye, mtaa mzima, mpaka kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, alipoishiwa pumzi.

"Mama Nadège, wamefika wapi?" nikamuuliza.

"Banani?"

"Benye unakimbia!"

"Mi nakimbia sababu ya weye! Mulikuwa munakuja nyuma!"

"Lakini weye njo ulianza!"

Akashusha furushi. "Nilikuwa nafanya sport," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hakuna aliyecheka. Tulirudi, mtoto mmoja magoti yamechubuka, maharagi yameungua kila nyumba. Mzee Laurent, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja mlangoni kwake siku hiyo hiyo. Hakuwa mkali. "Mama, sport ni muzuri. Lakini mutu mwenye kukimbia na muzigo, siye tunajua ni nini. Usitufanye vile tena."

Siku tatu Solange hakutoka. Alirudia kula amesimama. Siku ya nne, mchana, niliingia kwake kuomba sindano ya kushonea nikakuta kifuko kiko juu ya mashini, na glasi ya maji pembeni.

Nilikasirika. Hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe, lakini aliyekuwa mbele yangu ni yeye, ikamwangukia. "Mzee alikataza muzigo! Alikataza mbio? Acha muzigo!"

"Bataona mwili yangu, Ma Monique. Ngozi imelegea. Batasema napita bule."

"Waseme! Mimi njo nilikuambia unenepe. Mimi njo nilikosa. Sasa nitazunguka kila mulango niseme: mukiona Mama Nadège anakimbia mikono tupu, hakuna mutu anakuja."

Akamwaga maji ya glasi nje ya mlango. Kisha akasukuma kifuko upande wangu. Jioni hiyo nilikipeleka kwa Médard, halafu nikazunguka, nyumba kwa nyumba, bombani, kwa wauza mikate. Sijawahi kuutumia mdomo huu kwa kazi ya maana namna ile.

Asubuhi nilisimama mezani kwangu, macho barabarani. Akatokea upande ule ule wa Djugu. Hana furushi. Mikono ameiinua usawa wa mabega, viganja wazi, akigeukia bomba na kuwaonyesha, akigeukia wauza mikate na kuwaonyesha. Mama mmoja alishika bidoni lake. Akaangalia ile mikono. Akalitua.

Solange akafika kwangu jasho linamtiririka. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kumpima, "Ume—", nikaukamata.

"Umefika wapi?" nikauliza.

"Rond-point, na kurudia." Akapumua. "Nimekimbia, na hakuna mutu mwenye nilibeba ku mugongo."

Nilimpakulia maharagi na ndizi. Akavuta kiti changu, akakitazama kidogo, akakigeuza. Akakaa, ameipa barabara mgongo, akala polepole mpaka sahani ikaisha.