Tangazo la Tano

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Mwende, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na nataka uisikie habari yake yote kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Fomu yako iko hapa mezani. Nimeiwekea kikombe juu isipeperuke. Sijaisaini. Tangu uiache hapa wiki iliyopita sijapata raha. Nikienda shambani narudi kuangalia kama bado ipo, kana kwamba itaota miguu. Mama Mkubwa wako ananicheka, anasema nahangaika kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Ulikuja kutoka Mumbuni ukiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwako kwa muda mrefu. Ukaniambia wanatafutwa vijana wa kufundishwa na kuajiriwa, wawe wanawatembelea nyumbani watu wenye ugonjwa wa akili, kata kwa kata. Diploma yako ya afya ya jamii imekaa kwenye faili ya plastiki mpaka faili imepauka, na sasa hii kazi imekuja kama iliyokatwa kwa kipimo chako. Nikafurahi na mimi. Halafu ukanifungulia ukurasa wa pili, penye swali la kama umewahi kuishi na mtu mwenye ugonjwa wa akili, na chini yake ulikuwa umeandika "Hapana". Wewe, binti ya Musyoka, ndugu yangu wa tumbo moja.

"Baba Mkubwa, wewe saini tu hapo chini kama mzee wa kanisa," ulisema. "Hiyo ingine usijali. Wakijua mambo ya baba watasema hata mimi niko na hiyo kitu."

Nilijifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Sasa nakujibu.

Siku zile nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa kazi ya kusoma matangazo kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina sauti, na nina suruali moja ya heshima, na katika kanisa letu hayo matatu yalitosha. Mchungaji alinipa karatasi kila Jumamosi, nami nilifanya mazoezi nyumbani. Aliyenisikiliza alikuwa Musyoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kabla ya ugonjwa alikuwa msomaji kunishinda mimi mara mbili. Alipofika kidato cha tatu akaanza kuwajibu watu ambao sisi hatukuwasikia. Akawa halali, akawa hali chakula kilichopikwa na mtu mwingine ila mama yetu. Tulimwombea, tukampeleka kwa waganga wawili, mwisho tukamtoa shule na kumweka chumba cha nyuma. Kila aliyemuulizia aliambiwa ameenda Ekalakala kwa mjomba, anamsaidia dukani. Mjomba huyo hakuwa na duka.

Lakini hata katika chumba kile, nikimsomea matangazo alitulia. Alinirekebisha nilipokosea kupumzika, na nikimaliza aliyarudia yote kwa kichwa bila kuacha neno. Nilikuwa nafurahi Jumamosi kuliko Jumapili, maana kwa robo saa nilikuwa nimempata tena mdogo wangu.

Jumamosi hiyo niliyasoma bila kuyapitia kwanza. La kwanza ubatizo, la pili mazoezi ya kwaya, la tatu ng'ombe aliyepotea, la nne mkutano wa akina mama. La tano lilisema hivi: Jumanne muuguzi wa magonjwa ya akili atafika kwenye dispensari yetu. Kila aliye na mgonjwa nyumbani amlete, asimfiche. Tena wanatafutwa vijana wawili wafundishwe kuifanya kazi hii hapa hapa kwetu.

Musyoka hakulirudia. Aliniangalia.

"Soma tena hilo la tano."

Nikasoma tena.

"Jumanne," akasema. "Nitavaa shati gani?"

Mwanangu, nilicheka kwa furaha. Nikamwambia kuna lile langu jeupe.

Kesho yake nilisimama mbele ya watu. Benchi la tatu alikaa Mzee Mbithi, baba yake Nduku, msichana niliyetaka kumwoa, na mbuzi wetu wa kumwomba Nduku walikuwa waende kwake mwezi uliofuata. Unajua jinsi watu wanavyochunguza ukoo wakati kama huo. Nilisoma la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nikainua macho, nikamwona Mzee Mbithi ananitazama. Niliona kwamba nikilitamka lile neno, kanisa zima litageuka liangalie upande wa boma letu. Nikaruka nikasoma la sita. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumanne asubuhi mama alikuwa ameenda sokoni. Nilimkuta Musyoka ameoga mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, amevaa shati langu jeupe na kulifunga vifungo mpaka shingoni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Imeahirishwa," nikamwambia. "Sista muuguzi hakuja."

"Mpaka lini?"

"Utaambiwa."

Hakunibishia. Aliendelea kukaa vile vile, na sikuweza kumtazama, nikatoka. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka dispensari. Yule muuguzi alikuwa kwenye veranda na meza yake, faili zake na sanduku la dawa, na mbele yake benchi refu tupu.

"Habari yako, kijana," akaniita. "Mchungaji aliniambia kijana mrefu ndiye husoma matangazo. Ni wewe?"

"Ni mimi, Sista."

"Tangazo letu lilisomwa?"

Mwende, hapo nilikuwa bado na nafasi. Ndugu yangu alikuwa amevaa, na nyumba yetu haikuwa mbali. Ningekimbia tu.

"Lilisomwa," nikasema.

"Basi watu wa huku wako na afya," akasema, akaanza kurudisha faili sandukuni moja moja.

Alhamisi Musyoka alitoweka. Hatukujua aliondoka saa ngapi. Mama alikuta mlango wazi na kitanda kimetandikwa. Tulimtafuta siku ya kwanza kimya kimya, kwa sababu ya ule uongo wa Ekalakala. Utamtafutaje kwa kelele mtu uliyesema hayupo? Siku ya pili mama alifunga leso kiunoni akapiga nduru, majirani wakatoka. Nilitembea nikichungulia visima na mito. Kila nilipoona kitu cheupe mbali, nilikikimbilia. Niliomba mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jumapili jioni wachungaji wa ng'ombe wakamleta kutoka nyika ya Konza. Walimkuta anatembea peku, anauliza njia ya kwenda hospitali ambako alidhani sista amehamia. Mguu wa kushoto ulikuwa umechanwa na miiba mpaka umeanza kuoza upande. Shati lilikuwa limegeuka rangi ya udongo, lakini vifungo bado vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni.

Ndio mguu ule anaouburuta. Wewe uliambiwa aliumia akichunga ng'ombe. Ni mimi niliyekuambia hivyo.

Mama alimkalisha akaanza kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Maumivu yalikuwa makali, na Musyoka, ili avumilie, akaanza kusoma matangazo kwa kichwa. La kwanza ubatizo. La pili kwaya. Nilitaka kumziba mdomo. Alipofika la tano akalisema lote, pamoja na wale vijana wawili wanaotafutwa. Mkono wa mama ukasimama.

"Hilo la tano lilisomwa siku gani?" akaniuliza. "Mimi nilikuwa kanisani."

Nikamwambia yote, hata habari ya Mzee Mbithi. Nilingoja kofi. Mwaitu, mama yangu, hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikikamua kile kitambaa, akaendelea kuosha.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Hiyo ya Ekalakala ni mimi nilianza. Lakini ndugu yako alikuwa ameshavaa."

Mwanangu, nimekaripiwa na walimu, na wakubwa wa kazi, na wachungaji watatu. Sijasikia neno lililoniingia kama hilo.

Baadaye akaongeza, "Jumapili utasoma hilo la tano. Na utasema ni kwa nini hukulisoma."

Nililisoma. Siku hiyo sauti ilitetemeka. Nikasema ndugu yangu hayuko Ekalakala, yuko nyumbani, mgonjwa, na mimi ndiye niliyeficha tangazo. Ibada ilipokwisha nilijificha nyuma ya kanisa karibu na tangi la maji, na aliyenifuata alikuwa Mzee Mbithi. Nilijua amekuja kuvunja maneno ya Nduku. Alisimama karibu sana, akasema chini chini kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

"Huyo sista atarudi lini? Niko na dada yangu nyumbani."

Nilikuwa nimeshauliza dispensari. Muuguzi alikuwa ameripoti kwamba kwetu hakuna mgonjwa, na siku yetu ikapewa mahali pengine, na wale vijana wawili wakachukuliwa huko huko. Nduku nilimwoa, ndiye huyu Mama Mkubwa wako anayenicheka. Lakini shangazi yake alifariki kabla dispensari yetu haijapata siku nyingine. Nduku hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kuthubutu kumwuliza. Wala sijui nyumba nyingine zilikuwa ngapi.

Musyoka tulimpeleka mjini, mguu ulipopona kidogo, mama mbele na mimi nyuma. Dawa zilichukua muda. Akarudi kidogo kidogo, akaoa, ukazaliwa wewe. Unazijua vizuri kuliko mimi zile wiki mbaya ambazo bado humjia. Wewe ndiye ulijifunza ukiwa darasa la sita kumpa dawa kwa uji na kumsubiri ameze, bila kumdharau. Hiyo fomu inauliza jambo unalolijua kwa mikono yako.

Sitakudanganya, nina hofu. Sijui wanaouliza watafanya nini na jibu lako. Huenda wanatafuta mtu kama wewe hasa. Huenda yuko mmoja kwenye ile meza ya intavyu atakayekutazama kwa jicho baya. Nikikukosesha kazi hii nitaumia, na nimeshamkosesha mtu mmoja wa nyumba hii. Ndiyo maana fomu imelala chini ya kikombe siku zote hizi.

Juzi Jumamosi nilipewa karatasi ya matangazo. Bado husoma, unajua ninavyopenda kusikia sauti yangu, na bado humsomea baba yako kwanza. Nafasi hizo za kazi zilikuwemo. Alisikiliza amefumba macho. Habari ya "Hapana" sijamwambia, na sitamwambia. Nilipomaliza akaniuliza kama wewe umeomba. Nikasema fomu iko kwangu. Akaupapasa mguu wake, kisha akauliza, "Siku ya intavyu atavaa nini?"

Nilitoka nje, nikajifanya naenda kufunga mbuzi.

Basi nasaha yangu ni hii. Usinunue kazi kwa kumfuta baba yako. Ukiingia kwa mlango huo, kila nyumba utakayoitembelea utakuta mtu amefichwa chumba cha nyuma, na utamwambia mama yake asiogope, na wewe mwenyewe utakuwa unaogopa kuliko yeye. Sema alichonacho baba yako kama unavyosema sukari au presha ya mtu. Watakaokudharau kwa hilo wapo, sikatai. Lakini wapo wengine wanaongoja nyuma ya kanisa mtu mmoja atangulie kusema, na hao ndio kazi yako. Na ukiona habari ya kumsaidia mtu imefika mkononi mwako, ipitishe siku hiyo hiyo, hata kama inakuaibisha. Usijipe mamlaka ya kuamua ni nani asiisikie.

Nimemwomba kijana wa saiba, lile duka la kompyuta, anichapie fomu nyingine. Nimeijaza sehemu yangu na kuisaini. Lile swali nimeliacha wazi, kwa sababu ni lako. Ile ya kwanza iko bado chini ya kikombe. Utakuja kuchukua moja, na sitakuwepo mezani, nitakuwa shambani nikijifanya napalilia.

Mungu wa bibi yako akupe mdomo usiotetemeka kwa ukweli, na miguu ya kuzifikia nyumba ambazo mimi nilizipita. Akupe kazi hii, na kama si hii, akupe nyingine usiyohitaji kumficha mtu ili uipate. Akutunzie baba yako katika wiki zake nzuri na zile mbaya.

Na ukifika, pitia kwake kwanza umwambie utavaa nini. Ameniuliza tena leo asubuhi.