Mzee Timazi na Mji Uliobanana Ngazini

Zamani mtu akijenga vyumba vitano vyote vililaliwa, na aliyekosa akajibanza ukumbini. Siku hizi watu wanajengewa mji mzima, nao wanasongamana kwenye ngazi moja kama nzi kwenye kidonda.

Mji wenyewe haukuwa na tofali hata moja. Aliuchora binti yake Mzee Timazi kwenye kompyuta, uwe uwanja wa mchezo wa kuwindana kwa bunduki, ambao watu huucheza pamoja kila mmoja akiwa kwao.

"Baba, nimewawekea hospitali, shule, ghala, hata vyoo. Hawaendi."

"Wanabanana wapi?"

"Ngazi ya sokoni. Ukiwa juu unaona kila mtu. Meneja wa kampuni anakuja kuangalia kesho kutwa. Akikuta hali ni ileile, anaufuta mji wote."

Mzee moyo ulimchoma. Alikuwa mwashi, na nyumba alizojenga ujanani zilishabomolewa zote, pakawa maegesho ya magari. Mji wa binti yake asingekubali uvunjwe.

"Niingize humo," akasema.

Akavalishwa vidude vya masikioni vya kusikilizana na wachezaji, akapewa mwili wa askari, akaenda moja kwa moja hospitali kukagua plasta. Akauawa. Akafufuka, akaenda shule kutazama madirisha. Akauawa tena. Enzi zake mtu alikufa mara moja, akaliliwa vizuri, basi.

"Nani huyo kanipiga mgongoni?" akafoka. "Huna baba wewe?"

Ngazini wakaacha kupiga. "Jamani, kuna babu humu," mmoja akasema.

"Mmejengewa hospitali nzuri namna hii, mnakaa ngazini kama ndoo zinazosubiri maji. Hamna haya."

"Uko wapi, babu? Tuje utufunze."

"Nitafute, mvivu we. Miguu si unayo?"

Wakashuka mbio. Kupiga bunduki mzee hakujua, ila kujificha alikujua sana, maana alikuwa ameoa. Akawatukana kutoka ghalani. Wakifika, yuko chooni anawakosoa wanavyokimbia. Meneja alipofika alikuta kila chumba kina watu, wengine wako chini ya vitanda.

"Wanafanya nini hawa?"

"Wanamtafuta baba yangu," binti akajibu.

Mji ukaachwa usimame. Mzee hakuachwa humo: kampuni ilitengeneza babu wa bandia mwenye matusi yaleyale, kwa sababu wa kweli alikuwa ameshaanza kusinzia kazini. Hata kutukana vijana, kazi ya wazee tangu dunia iumbwe, nako wameipa mashine.

Mara ya mwisho mzee alipowaona vijana ilikuwa jioni ileile aliyokuja meneja. Alikuwa amejikunja nyuma ya tangi la maji, juu ya paa la hospitali, nao wamejaa chini uani, bunduki wameziinamisha.

"Babu, toka bwana. Hatupigi. Tunataka kukupa shikamoo tu."

Mzee hakutoka. Shikamoo ya mtu mwenye bunduki, aliwaambia, huitikiwa kwa mbali.